Maswali yenu: Samaki na maji ya Ziwa Victoria

Tuliamka tukakuta sangara wengi wanaelea karibu na mwalo tunaposhushia samaki. Watu wanasema kuna aliyemwaga sumu. Kweli? (Mvuvi, Ukerewe)

Kabla ya kumtafuta mchawi, angalia waliokufa ni akina nani. Kama ni sangara watupu, huku kambare na kamongo wanaendelea na maisha yao, shaka yangu ya kwanza ni hewa. Sangara hastahimili maji yenye oksijeni kidogo. Kambare na kamongo hupanda juu wakavuta hewa hii hii yetu. Kule chini ziwani, mwani uliokufa unapooza humaliza oksijeni, na maji hayo hutulia huko kwa miezi. Siku upepo mkali unapoyasukuma hadi kandokando, sangara waliopo hukosa pa kukimbilia. Wakati mwingine utasikia na harufu kama ya mayai viza. Sumu kwa kawaida haichagui hivyo. Huondoka na dagaa, furu (wale samaki wadogo wa ziwani) na vitoto vyote.

Kwa vyovyote vile, samaki aliyekutwa anaelea si kitoweo, wala si wa kupeleka sokoni. Mwite afisa uvuvi siku hiyo hiyo achukue maji ya kupima. Kesho yake yatakuwa yameshachanganyika.

Maji yetu yamekuwa kijani kama yamemwagiwa rangi. Nikiyachemsha, watoto wanywe? (Mama Achieng, Kisumu)

Hapana, mama. Moto unaua vijidudu, lakini sumu ya mwani, huo unaoyageuza maji kijani, haiondoki kwa kuchemshwa. Chota kwingine, na ng'ombe wasinyweshwe hapo. Ghuba ya Winam ina kina kifupi na mlango mwembamba, kwa hiyo mbolea, maji taka na udongo unaoletwa na mito vinakaa humo humo kuulisha mwani.

Babu yangu anasifia furu mpaka anameza mate. Walikwenda wapi? (Kijana, Musoma)

Mfikishie shikamoo yangu. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akaja kujaa miaka ya 1980, na aina nyingi za furu zikatoweka. Lakini tusimtwishe yeye mzigo wote. Jike la furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi, nyekundu au buluu. Maji yakichafuka haoni vizuri, anaolewa na yeyote, na aina mbili zinakuwa moja.

Kuna na habari ya kuni. Furu alianikwa juani akakauka. Sangara ana mafuta, hutaka moshi au kukaangwa. Miti ikakatwa, mvua ikabeba udongo, ukaishia ziwani. Furu waliobaki wengi wako kwenye miamba. Babu akiwa na hamu, mwulizeni mvuvi wa ndoano.

Kokoro, wavu wa kukokota, lina ubaya gani? Navulia ufukweni tu, sigusi kilindini. (Hakutaja jina)

Ubaya ni huo ufukwe wenyewe. Dume la sato huchimba shimo mchangani kwenye maji mafupi, jike akataga hapo, kisha akayaokota mayai na kuyalea mdomoni. Kokoro lako linaburura chini: linafukia mashimo, linamzoa mama na alichobeba mdomoni. Limepigwa marufuku, na nadhani ndiyo maana hukutaja jina.