Kuhusu huo mti wa jirani yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama una haki ya kukata yale matawi ya jirani yaliyovuka fensi na kujaza majani kwenye gata lako. Sehemu nyingi sheria inakuruhusu ukate kinachoning'inia upande wako, uishie mpakani, ila si kila mahali kwa hiyo ulizia huko uliko. Mimi nataka kujua kitu kingine, umeshaongea naye? Maana mti haukatwi kwa hasira.

Unaikumbuka ile fensi ya saipresi ya yule mama jirani yetu, uliyokuwa unaipenya kufuata mpira. Ilikuwa inatuzibia mwanga wote. Siku moja kasafiri, baba yako akachukua msumeno, mimi ndo nilishika ngazi, tena nikawa namwambia ingia ndani zaidi, kata, mpaka tukafika kwenye vijiti vya kahawia visivyo na jani. Hatukujua saipresi ukishapita sehemu ya kijani haichipui tena. Miti mingine inachipua, ile haichipui. Yule mama aliporudi alisimama akaliangalia lile pengo, hakututukana, akaingia ndani. Kumbe aliipanda na marehemu mumewe. Hilo sikulijua, na hata ningelijua sijui kama ningemzuia baba yako, nilikuwa nimechoka na lile giza. Hapana, ningemzuia. Miaka yote tuliyobaki pale, kila nikifungua dirisha la jikoni nalikuta pengo liko vilevile.

Sisemi uvumilie. Gata likiziba maji yanaingia ukutani, na tawi bovu likianguka halichagui mtu. Mkikubaliana, tafuteni fundi wa miti anayejua, akate pale tawi linapovimba kuungana na shina, asiache kijiti kirefu wala asilichubue shina. Asikate upande mmoja tu mti ukaelemea kwa jirani, na mizizi minene iliyo karibu na shina msiiguse, upepo utakuja kuulaza. Mchungulie na viota. Lakini hodi kwanza, mti haukatwi kwa hasira.

Nani mwenye kosa sitasema, huyo mtu simjui. Ingawa miaka mitatu unasema hajaugusa mti wake na anakuona kila siku uko juu ya ngazi unazoa majani, hilo nalo jamani... basi, naacha. Nenda jioni akiwa ametulia, umwoneshe hilo gata kwa macho yake, halafu nipigie uniambie amesemaje.

Mama yako