Maziwa ya jioni yabaki nyumbani

Mdogo wangu wa Longido, umesema maziwa yote huchukuliwa na mchuuzi wa pikipiki, pesa anashika mumeo, na watoto wanabaki na ugali na chai ya rangi. Imeniuma. Kwa Wamaasai ng'ombe ni wa mwanaume, lakini kukamua na kugawa maziwa ni kazi ya mama tangu enzi za bibi zetu. Hudai jambo geni. Mwombe mama mkwe azungumze na mwanawe, neno lake litakuwa zito kuliko lako. Ya asubuhi yauzwe, ya jioni yabaki kwenye kibuyu chako. Ila yachemshe kwanza, maana brusela, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba, humpata mtu kwa maziwa mabichi. Kiangazi ng'ombe wakihamishwa, omba uachiwe mbuzi wawili wanaokamuliwa.

Huyo wa miaka miwili uliyesema mikono imekonda, mpeleke kliniki kesho. Watampima mkono wa juu kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo, chini ya 11.5 ni hatari. Usingoje mumeo arudi kutoka mnadani.