Je, Mamangu Alikufa Kifo Kibaya kwa Kuwa Hakutamka Shahada?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wangu. Mimi ni binti wa Kisauni. Mamangu alipatwa na saratani ya koo la chakula. Daktari alituambia tiba imefika kikomo, lililobaki ni kumtuliza maumivu, akamwandikia mofini ya maji. Kakangu akaikataa, akisema itamlevya afe bila shahada. Mama mwenyewe tulimficha; tulimwambia ni vidonda vya tumbo. Alipozidiwa, ami yetu alishikilia apelekwe wadi ya mahututi. Kabla ya kutiwa mpira wa mashine ya kupumulia, maneno yake ya mwisho yalikuwa: "Yule mama wa kanga wa Majengo sijammalizia deni lake." Siku ya sita, saa tisa usiku, akafariki, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa naye. Kilioni, ustadhi mmoja akasema kuwa asiyetamka shahada, hiyo ni dalili ya mwisho mbaya, na kwamba aliyekufa akitaja kanga amekufa na dunia moyoni. Tangu siku hiyo sipati usingizi. Na ana deni la Ramadhani iliyopita, hakufunga kwa sababu ya maradhi haya haya.

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Mwanangu, Allah amrehemu mamako, amsamehe, na akupe subira.

Nianze na huyo ustadhi, maana maneno yake yamenikera na si mara ya kwanza kuyasikia katika vilio vya mji huu. Hadithi anayoitegemea ameipokea Abu Dawud: ambaye maneno yake ya mwisho ni La ilaha illa Llah ataingia Peponi. Hii ni bishara kwa aliyetamka. Wapi iliposemwa kwamba asiyetamka ameangamia? Kuigeuza bishara ya Mtume (s.a.w.) ikawa hukumu juu ya maiti wa Kiislamu, tena mbele ya watoto wake ambao machozi hayajakauka, ni ujuba. Mvuvi akizama huko baharini, mdomo umejaa maji ya chumvi, ametamka lini? Na huyo aliyezama Mtume amemhesabu miongoni mwa mashahidi, katika hadithi hiyo hiyo aliyomtaja mwenye kufa kwa maradhi ya tumbo. Sikati hukumu kwamba koo la chakula limo katika maradhi hayo, lakini rehema ya Mola wangu naijua kuwa pana, na kwake namtarajia mamako.

Mpira ule uliingia kooni kwa mkono wa daktari. Ulimi uliofungwa na mashine hauulizwi kwa nini haukusema. Kisha lipo lililo kubwa kuliko hilo: Abu Musa amepokea kwamba Mtume alisema, mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyokuwa akiyafanya akiwa mzima na yuko mjini kwake. Ameipokea Bukhari. Basi ikiwa mamako alikuwa na uradi wake baada ya alfajiri, siku sita zile alizolala hana fahamu natarajia ulikuwa ukiandikwa kila asubuhi, na sisi tunakaa kilioni tukihesabu kama midomo ilitikisika.

Halafu kanga. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, alipochomwa kisu na kujua hapati kupona, miongoni mwa aliyoyashughulikia ni kumwambia mwanawe Abdullah: tazama nina deni kiasi gani. Wakahesabu, likafika 86,000 au karibu na hapo, akamwelekeza likusanywe wapi lilipwe. Nani atathubutu kusema Umar alikufa na dunia moyoni? Mtume amesema nafsi ya muumini imetundikwa na deni lake mpaka lilipwe. Mwanamke aliyebakiwa na pumzi za kuhesabu, akazitumia kutaja haki ya mtu, moyo wake ulikuwa Akhera. Laiti wadeni wetu wote wangekufa wakitaja kanga.

Na wale wanaotazama kama maiti amekunja uso au ametabasamu, wamsikilize Bibi Aisha. Alimwona Mtume akichovya mkono majini, akijipangusa uso na kusema hakika mauti yana sakarati. Akasema baada ya hapo hakuchukia ukali wa mauti kwa mtu yeyote.

Sasa nikwambie, na usinichukie, lililonisumbua mimi katika barua yako. Ni vile vidonda vya tumbo. Najua mlimficha kwa huruma, na kwetu pwani hii imekuwa kama ada: daktari anamwita mwana wa kiume ukumbini, wananong'onezana, mgonjwa anarudishwa nyumbani na uongo. Umar alipopewa maziwa yakatoka jerahani, tabibu alimwambia: "Toa wasia, ewe Amiri wa Waumini." Akamjibu kwamba amemwambia kweli. Mamako angeambiwa kwa upole, kidogo kidogo, angemwita yule mama wa kanga mwenyewe, angeandika wasia, angeomba radhi kwa aliokosana nao. Huo ndio mwisho mwema ambao tuna mkono ndani yake. Mengine ni ya Allah. Niliwahi kumkuta mzee amefichwa hivyo, akaniuliza mimi: "Sheikh, nakufa?" Watoto wake wamesimama mlangoni wananikonyeza. Nikamwambia kweli. Alishukuru, akaagiza karatasi.

Ama mofini, kakako amekosea, ijapokuwa kwa nia njema. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii waliruhusu zamani dawa ya kuondoa fahamu kwa anayekatwa kiungo kilichooza. Imam Nawawi ameitaja. Haramu ni kukusudia kumuua. Kutuliza maumivu kwa kipimo cha daktari si kuua, na mara nyingi mgonjwa aliyetulia ndiye anayeweza kusali, hata kwa ubavu. Aulizwe mwenyewe: akipenda kipimo kipungue ili awe macho kwa swala, apewe hiyo haki. Hapa Mombasa tuna Coast Hospice, kazi yao ni hiyo ya kutuliza, na msiogope kuwaendea.

Wadi ya mahututi haikuwa dhambi. Lakini haikuwa wajibu pia, daktari alipokwisha kusema hakuna faida. Yule mwanamke aliyekuwa akishikwa na kifafa alihiyarishwa na Mtume baina ya dua ya kupona na subira yenye Pepo, akachagua subira. Mngeweza kumweka chumbani kwake, Yasini ikisomwa na maji akitiwa kidogo kidogo mdomoni. Imepita. Usimlaumu ami yako. Mpigie simu, kwani naye huenda halali.

Ya Ramadhani: maadamu maradhi hayakuwa ya kutarajiwa kupona, mtoleeni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku, kitoke katika mali yake kabla ya mirathi.

Na kabla ya hicho kibaba, vaa buibui yako uende Majengo ukamtafute mama wa kanga. Usimtume mtu. Mwambie mama alikutaja.