Aberdeen na Mtoni ni ndugu

SWALI: Kaka habari za kazi, mi msomaji wenu wa Mtoni, Temeke. Mwanangu anafuatilia mpira wa Uskoti, juzi kaniuliza Aberdeen na Inverness maana yake nini, nikabaki namwangalia tu. Hivi yana maana kweli au ni majina tu?

JIBU: Dada yangu yana maana, tena we unayekaa Mtoni ndo utaelewa haraka. Aber ni neno la watu wa kale wa kule, Wapikti, maana yake pale mto unapomwaga maji, na Inver ni hivyo hivyo ila lenyewe la Kigaeli, lugha nyingine ya huko, kwa hiyo Aberdeen ni mlango wa mto Don na Inverness ni mlango wa mto Ness, yani kitu kimoja lugha mbili, ukifungua ramani unaona kabisa lugha gani ilipita wapi.

Visiwa vya kaskazini walikaa Waviking, mabaharia wa kale toka Skandinavia. Lerwick, mji wa huko visiwani, kwa lugha yao ni ghuba ya matope, na hili ndo linanigusa zaidi, mtu kashuka chomboni kakanyaga tope akapaita alivyopaona, sawa na wazee wetu walivyoona mikoche wakasema Mikocheni.

Halafu mwambie mtoto Blantyre ya Malawi nayo jina la mji wa Uskoti, huko Uskoti ndo alikozaliwa Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi, mwaka 1813, wamisionari wa kule walilileta 1876.