Mume wangu asema Legacy GT ni gari la vijana. Ninunue?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri wangu miaka 43. Naishi Mwatate na nafundisha Wundanyi. Miaka yote nimeendesha Vitz. Sasa nimeonyeshwa Subaru Legacy GT ya 2005, ile steshenwagoni ya turbo, giya za mkono, namba ya KB. Mwenyewe anataka 780,000. Nina akiba ya 500,000 na SACCO yetu imekubali kunikopesha 320,000. Nililijaribu kupanda nalo Wundanyi, Shangazi, na ule mngurumo hadi leo haujanitoka masikioni. Mume wangu anasema hilo ni gari la vijana, mwanamke wa umri wangu anatafuta nini humo, ninunue Toyota Fielder. Muuzaji naye anasema kuna mtu anakuja na pesa taslimu Jumamosi. Nifanye nini?*
*Mwenye Hamu, Mwatate*

Marahaba, mwanangu. Jibu langu ni hili: kwa pesa ulizo nazo leo, gari hilo usilinunue. Lakini sababu yangu siyo ya mumeo, na ningependa uielewe vizuri, kwa sababu ukiacha kwa sababu yake utabaki na kinyongo, na siku moja utalinunua bovu kuliko hili.

Hamu yako haina aibu. Mwaka 1993, Patrick Njiru alipoimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kile kigari cha injini ya cc 660, wewe ulikuwa bado shule ya msingi. Mwaka 1997 dereva Colin McRae akaja kuishinda Safari kwa Subaru Impreza. Watoto wa Kenya waliokuwa kando ya barabara wakimwagiwa vumbi hawakuwa wavulana peke yao. Hao wasichana sasa wana miaka arobaini na kitu, wana mishahara, na wanapanda mlima wa Wundanyi kila asubuhi. Unataka gari linalovuta kwa magurudumu manne kwenye kona zenye ukungu na lami iliyolowa, lenye nafasi nyuma ya kuweka madaftari ya darasa zima na gunia la viazi. Hitaji hilo lina akili. Umri hauhusiki.

Tatizo ni gari lenyewe, na hasa hilo uliloonyeshwa.

Umeniandikia kuhusu mngurumo, na hapo ndipo niliposita. Legacy ya kizazi hicho, iliyoanza kuuzwa 2003, ilipotoka kiwandani ikiwa na turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, haikunguruma hivyo. Ule mdundo wa Subaru za zamani hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu kutoka pande mbili za injini. Kwa Legacy GT hiyo, wahandisi waliyafanya mabomba yalingane ili yailishe turbo vizuri, na mdundo ukapotea. Kwa hiyo kama gari la 2005 linanguruma kama lile la McRae, kuna mtu amefungua ekzosi na kuibadilisha. Pengine alifanya kazi safi kwa fundi anayejua. Pengine alitaka sauti tu, akaweka bomba lisiloelewana na turbo, na kompyuta ya injini haikuwahi kupangwa upya. Vyovyote vile, aliyelibadilisha hakulibadilisha ili aendeshe polepole. Sauti iliyokuvuta ndiyo inayokupa swali la kwanza la kumuuliza muuzaji: nani alifanya kazi hii, lini, na risiti ziko wapi?

Hesabu na umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari la 2005 halikuingia juzi. Lina zaidi ya miaka kumi kwenye barabara zetu, na kwa petroli yetu. Japani injini ile, yenye nguvu za farasi 280 kwenye gari la giya za mkono, ilipangwa inywe petroli ya oktani ya juu, karibu 100. Ya kawaida tunayojaza hapa haifiki huko. Dereva mpole hataona tofauti kubwa. Dereva anayekanyaga hadi mwisho kila mlima, siku ya joto, kwa petroli ya chini, huipiga injini kutoka ndani: pistoni huvunjika kwenye mifereji ya ringi, beringi za konrodi hulika, na siku moja mafundi wanakuambia imenoki, yaani imekufa. Hujui wenye gari hilo waliotangulia walikuwa madereva wa aina gani. Ila ule mngurumo unadokeza.

Siwadharau wahandisi wake. Legacy ya kizazi hicho ilichaguliwa gari bora la mwaka Japani kwa 2003 na 2004, na kabla yake, 1998, steshenwagoni ya Legacy GT-B ilifikishwa zaidi ya kilomita 270 kwa saa huko Marekani. Ni gari zuri kwelikweli. Lakini gari la aina hii likizeeka, bei yake ya kununua hushuka na bei ya spea zake haishuki. Unalinunua kwa bei ya Fielder iliyochoka kidogo, unalitunza kwa gharama ya gari la mtu tajiri.

Ndiyo maana ile 40,000 itakayobaki mkononi ndiyo inayonitia hofu kuliko ile 780,000. Kubadilisha mkanda wa taiming pamoja na pampu ya maji, matairi manne, shoki na bushi, hiyo pesa itakuwa imekwisha kabla hujafika kwenye turbo. Na matairi lazima yawe manne, ya aina moja na yaliyolika sawa. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote, tairi moja jipya kati ya matatu yaliyochakaa huifanya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, izunguke bila kupumzika mpaka iungue. Wanaokuuzia tairi moja moja barabarani hawatakuambia hilo.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani hukulifikiria: bima. Kampuni nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari lililopita miaka 15. Ukibaki na ile ya kulipia wengine tu, gari likiibwa au likiangukia bonde pale njiani, limekwenda. Mkopo utabaki, na waliokudhamini SACCO ni walimu wenzako mnaokunywa nao chai ofisini.

Sasa mumeo. Alichokosea ni namna ya kusema. Amekuambia habari za umri wako, nawe umeumia, na tangu hapo kila anachosema kuhusu gari unakisikia kama tusi. Mimi nasikia mtu anayeogopa mkopo kuingia nyumbani mwake na hajui kulisema hilo. Sikuambii ukamwombe ruhusa. Akiba ni yako. Lakini makato ya SACCO yatapita kwenye mshahara unaonunua unga wa nyumba moja. Kaeni chini muweke mezani karatasi yenye tarakimu: makato kila mwezi, petroli (usitarajie zaidi ya kilomita 7 au 8 kwa lita kwenye milima ile), oili kila kilomita 5,000 bila kuruka, na pesa ya dharura. Mwambie pia, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi, ulivyojisikia ulipokuwa unapanda Wundanyi. Sidhani kama umewahi kumwambia. Umemwambia bei tu.

Ukiniuliza ununue nini badala yake, siwezi kukusukumia Fielder ukabaki ukiiangalia kwa huzuni, ingawa ni gari la kuaminika na ile ya magurudumu manne ipo. Tafuta Legacy ya mwili ule ule, 2.0i, yaani ya injini ya lita mbili isiyo na turbo. Umbo ni lile, kiti ni kile, magurudumu manne yanavuta vile vile kwenye ukungu. Nguvu ni nusu tu, kama farasi 140, lakini inakunywa petroli ya kawaida bila kunung'unika, na wachache sana huichukua kwenda kushindana usiku. Yenye injini ya 2.5 isiyo na turbo iangalie kwa makini zaidi, maana zina historia ya gasket ya kichwa cha silinda kuvuja. Jaribu 2.0i mlima ule ule, saa ile ile. Ikiwa moyo wako utatulia, umeokoa pesa nyingi. Ikiwa hautatulia, basi umejua kwamba unachokitaka ni turbo hasa, na unaweza kuweka akiba mwaka mmoja na nusu zaidi ukinunue bila mkopo, huku robo ya bei ya gari ikikaa kando, haiguswi, kwa ajili ya injini.

Na siku hiyo ikifika, au kama utanipuuza ukaenda kwa huyu wa Jumamosi, nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Nenda asubuhi, na kabla ya salamu kuisha weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, gari limewashwa ili usisikie linavyoamka. Mwambie utarudi kesho. Injini iamke baridi ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mdundo mzito wa chini unaoongezeka ukikanyaga ni wa kuondoka papo hapo. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe: ikiwa iko chini ya alama, mtu huyu hakuwahi kulipenda gari. Fundi apime kompresheni ya silinda zote nne. Ni kazi ya kutoa jasho kwenye injini hii kwa sababu plagi zimekaa ubavuni, na wengi watakuambia haina haja. Ina haja. Uwanjani, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole. Gari likijikaza na kuruka kama linakataa, difu ya katikati imechoka. Uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kiwandani huhesabiwa kilomita 100,000, na kwenye injini hii ukikatika vali hugonga pistoni. Asiye na risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Mwisho angalia rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya: mmiliki ni nani, lina mkopo juu yake au la, na namba ya injini iliyoandikwa kwenye logbuku ndiyo iliyochongwa kwenye chuma? Turbo nyingi za umri huu zimeshabadilishiwa injini. Hiyo peke yake si dhambi, inaweza hata kuwa heri, mradi karatasi zipo.

Kuhusu mtu wa pesa taslimu: kama yupo kweli, mwache alinunue. Muuzaji asiyekubali fundi wako alikague gari likiwa baridi ameshakujibu barua yako kabla yangu.

Shangazi