Kabla hujaigusa hifadhidata ya mteja

Wiki hii nimemwona kijana wa tatu akipandisha kalenda ya matukio kwenye seva ya mteja, kisha akaanza kurekebisha hifadhidata tovuti ikiwa hewani. Nikamwondoa mikono kwenye kibodi. Wadogo zangu, nawapenda, lakini hili tumelisema mara ngapi?

1. Ruhusa 777, inayomruhusu yeyote kusoma, kuandika na kuendesha faili, hapana. Folda 755, faili 644.

2. Linux, mfumo unaoendesha seva, inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Kalenda.php na kalenda.php ni faili mbili, hata kama Windows yako haikulalamika.

3. Saa za eneo. Hapa mnivumilie.

Kalenda yangu ya kwanza ilikwenda vizuri kwenye mashine yangu. Seva ya mteja ilikuwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, si saa ya kwetu, nami sikuangalia. Matukio niliyoyahamisha yalikuwa kwenye safu za TIMESTAMP, aina ya safu za tarehe na saa, ambazo MySQL, programu ya hifadhidata, huzigeuza kufuata saa za eneo za muunganisho, kwa hiyo yote yakatokea yamerudi nyuma kwa saa mbili. Mteja alipopiga simu nilipata hofu, nikafungua phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, nikaandika UPDATE, amri ya kubadilisha data, ya kuongeza saa mbili. Jedwali zima, bila WHERE ya kuchagua rekodi zipi ziguswe, bila nakala rudufu.

Kumbe karani wao, mama mtu mzima, alikesha akisahihisha matukio kwa mkono, moja moja. Aliyoyasahihisha yakaruka mbele. Mapya waliyoingiza wenyewe, yaliyokuwa sahihi tangu mwanzo, nayo yakaruka. Hakuna safu iliyoonyesha lipi liliguswa lini, na faili niliyohamishia matukio nilikwisha kuifuta. Siku mbili nilikaa naye, yeye akisoma mialiko ya karatasi, mimi nikiandika. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Mwanangu, mbona hukuniuliza kwanza?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Dawa ilikuwa mistari miwili, kabla ya kuhamisha chochote: date_default_timezone_set upande wa PHP, lugha iliyoandikia kalenda, na SET time_zone kila unapounganisha MySQL.

4. Kroni ya vikumbusho, yaani kazi ambayo seva huiendesha yenyewe kwa ratiba, nayo hufuata saa ya seva. Ijaribu kwa barua pepe yako mwenyewe.

5. Nakala rudufu ambayo hujawahi kuirudisha usiihesabu. Yule kijana nilimwambia airudishe yake kwenye hifadhidata ya majaribio, kisha ahesabu rekodi. Alinuna, akahesabu. Zilipungua: faili ilikatika katikati ya kupakuliwa. Tukapakua upya, tukahesabu tena pamoja, ndipo nikamrudishia kibodi.