Aligundua, alivumbua au alibuni? Na hataza ni nini?

Swali: Mimi ni fundi mitambo, na nimepewa kazi ya kutafsiri maelezo ya kampuni inayotengeneza mitambo ya nishati na usindikaji. Nimeandika hivi: "Kampuni yetu imegundua mitambo 12 na ina hakimiliki ya kimataifa kwa kila mmoja." Mwenzangu amefuta "imegundua" akaweka "imebuni", na badala ya "hakimiliki" ameweka "hataza". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako amekaribia zaidi. Hata hivyo, sentensi hiyo ina makosa mengine mawili ambayo hakuyagusa. Nianze na kitenzi, maana ndicho chenye uzito.

Kugundua ni kubaini kitu ambacho kilikuwapo tayari ila hakijajulikana. Kuvumbua, kwa matumizi ya leo, ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Katika mazungumzo watu huyachanganya maneno haya, na kwa kawaida hakuna anayepotea. Kwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako bila ruhusa (kwa Kiingereza "patent"), tofauti hiyo ni nguzo ya sheria yenyewe: ugunduzi mtupu haupewi hataza, uvumbuzi ndio hupewa. Ukiandika kwamba kampuni "imegundua" mtambo, umesema mtambo huo ulikuwa umelala mahali fulani ukingoja kuonekana. Mtu aliyekesha miaka akiuchora na kuujaribu amenyimwa haki yake kwa kitenzi kimoja.

Tazama kisa cha James Watt, fundi wa vifaa kutoka Scotland, kwa sababu ndani yake vitenzi vyote viwili vina kazi. Akiwa Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Thomas Newcomen, mvumbuzi aliyemtangulia, autengeneze. Katika injini ile, mvuke uliingia kwenye silinda, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo humo ili mvuke ugeuke maji na pistoni ishuke. Watt aligundua kwamba joto jingi lilikuwa likipotea kwa kuipoza silinda na kuipasha upya kila mzunguko. Hapo neno ni aligundua, kwa kuwa upotevu ule ulikuwapo tangu injini ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1712, hata kama hakuna aliyeupima. Rafiki yake Joseph Black naye alikuwa ameshagundua joto fiche, yaani joto ambalo mvuke hulibeba bila kupanda nyuzi. Asili haimpi mtu hataza, kwa hiyo joto fiche likabaki mali ya wote.

Kisha Watt akavumbua: akaweka chombo cha pembeni cha kupozea mvuke, kilichounganishwa na silinda kwa bomba, ili silinda ibaki ya moto na chombo kibaki baridi. Hicho hakikuwapo. Hataza yake ilitolewa mwaka 1769, na Bunge la Uingereza likairefusha hadi 1800. Kwa hiyo ukiandika kwamba Watt "aligundua injini ya mvuke" umekosea mara mbili, maana injini yenyewe haikuwa yake. Uvumbuzi wake ulikuwa chombo kile cha pembeni.

Najua wapo watakaonipinga kwa kuitazama asili ya neno, na hoja yao ina nguvu. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambamo kimoja hutengua kingine: funika na funua, fukia na fukua, bandika na bandua. Vumbua ana ndugu yake pia, naye ni vumbika, yaani kufukia kitu, kama vile matunda mabichi yanapofukiwa yaive. Kwa asili basi kuvumbua ni kutoa nje kilichofukiwa, maana iliyo jirani kabisa na kugundua. Ndiyo sababu katika kamusi za zamani maneno haya mawili yanaingiliana. Lakini watumiaji wameshagawana kazi kati yake, na mgawanyo huo unatufaa mno kuuacha uharibike. Mimi nausimamia bila kusita.

Kubuni si kosa. Tatizo lake ni upana: mtu hubuni hadithi, hubuni kisingizio, hubuni umbo la chupa. Katika maelezo ya hataza chagua kuvumbua, na kubuni ukuhifadhi kwa sura na michoro.

Msomaji wa sekta ya usindikaji atafaidika pia na mfano wa Norbert Rillieux wa Marekani, aliyepata hataza mwaka 1843. Kuchemsha maji ya miwa hadi yawe mazito kulikula kuni nyingi mno, kila chungu na moto wake. Rillieux alipanga vyombo vilivyofungwa kwa mfuatano, mvuke unaotoka cha kwanza ukachemsha cha pili, ambacho kina mgandamizo mdogo zaidi na hivyo huchemka kwa nyuzi za chini. Kwamba mgandamizo ukishuka kimiminika huchemka mapema, hilo lilikuwa limeshagunduliwa. Mpangilio wa vyombo ndio uvumbuzi, na kanuni yake ingali inatumika kukoleza sukari na maziwa. (Kwa chakula sema kusindika, neno lililotoka kwenye kukamua mafuta na miwa kwa kinu. Kwa gesi asilia wengi sasa husema kuchakata, na sioni sababu ya kuwazuia.)

Sasa hataza na hakimiliki. Hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa au kuchorwa, wakati hataza hulinda namna kitu kinavyofanya kazi. Chukua mchoro wa pampu. Anayeutoa nakala na kuuza karatasi bila ruhusa ameingilia hakimiliki. Anayekwenda karakanani na kuunda pampu yenyewe, hata kama hajawahi kuuona mchoro ule, ameingilia hataza. Muda nao ni tofauti: hataza kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu tarehe ya maombi, ilhali hakimiliki huendelea miongo mingi baada ya mwandishi kufariki. Wala usiandike "hatimiliki", kwani wasomaji wengi watafikiria kiwanja.

Kosa la kwanza ambalo mwenzako hakuligusa ni neno "kimataifa". Hataza moja inayofunika dunia nzima haipo. Yapo maombi ya kimataifa, chini ya mkataba wa mwaka 1970, lakini hataza zenyewe hutolewa na nchi au na ofisi za kikanda, na haki huishia kwenye mipaka hiyo. Hapa Kiswahili kinakupa zana nzuri katika mnyambuliko: mtambo umeombewa hataza, au mtambo umepewa hataza. Silabi chache tu, lakini baina yake huenda kuna miaka ya uchunguzi, na mteja anayesoma ana haki ya kujua uko upande upi. Nomino yenyewe iko katika ngeli ya i-/zi-: hataza hii imetolewa, hataza hizi zimekwisha muda.

Kosa la pili ni kuifanya kampuni kuwa mvumbuzi. Kwenye fomu za hataza kuna nafasi mbili tofauti: mvumbuzi, ambaye ni mtu mwenye jina lake, na mwenye hataza, ambaye anaweza kuwa kampuni. Ikiwa mitambo yote 12 imeshapewa hataza, ningeandika: "Wahandisi wetu wamevumbua mitambo 12, na kampuni inamiliki hataza ya kila mmoja katika nchi zifuatazo." Kisha zitaje nchi hizo moja moja. Kama miwili au mitatu kati yake bado inasubiri, iandikie sentensi yake yenye "imeombewa".